Kuhakiki Mgahawa Mpya Bila Kujulikana na Bila Kumwonea Mwenyewe

Anayesoma tahakiki ya mgahawa anataka kujua jambo moja: akienda yeye, ambaye hakuna anayemjua pale, ataletewa nini mezani, atasubiri kwa muda gani, na atatoka amelipa kiasi gani. Kila kanuni iliyomo kwenye mwongozo huu inarudi hapo. Kuficha sura, kulipa bili, kurudi mara ya pili na ya tatu, kusubiri wiki kadhaa tangu mlango ufunguliwe, zote ni njia za kuhakikisha kwamba sahani uliyokula wewe ndiyo atakayoletewa yeye. Mhakiki aliyejificha barabara lakini akala mara moja tu, siku ya nne ya biashara, anampotosha msomaji kuliko yule anayefahamika na kila mhudumu lakini amerudi mara nne na kulipa kila mara.

Utaratibu huu una historia. Craig Claiborne alipokabidhiwa ukurasa wa chakula wa New York Times mwaka 1957, alianza kwenda mgahawani bila kujitambulisha, gazeti likilipa bili, na kurudi kabla ya kuandika. Nyota, yaani alama za ubora wa mgahawa, zikaanza kutolewa kwenye gazeti hilo mwaka 1963. Wakaguzi wa Michelin, mwongozo wa migahawa wa Ufaransa, nao huweka nafasi kwa majina yasiyo yao na hulipa kama mteja yeyote.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Anza kuhesabu siku ile mgahawa ulipoanza kutoza bei kamili kwa mtu yeyote anayeingia. Siku za majaribio, ambapo wageni ni waalikwa au bei imepunguzwa, hazihesabiwi, na kilicholiwa siku hizo hakiingii kwenye tahakiki. Association of Food Journalists, chama cha waandishi wa chakula cha Marekani kilichofungwa mwaka 2020, kiliwaelekeza wahakiki wasubiri angalau mwezi mmoja na waende zaidi ya mara moja. Kwa mgahawa mkubwa, au ule unaotoa mlo mrefu wa sahani nane au kumi kwa bei moja, wiki sita hadi nane ni haki zaidi.

Mwezi huo una sababu zake za kikazi. Wiki za kwanza jikoni kuna wapishi ambao hawajawahi kusimama pamoja kwenye zamu moja. Oveni bado hawajaizoea, hawajui kona ipi inaunguza. Wauzaji wa nyama na samaki wanabadilishwa. Menyu huwa ndefu kuliko nguvu ya jiko, na vyakula vitatu au vinne huondolewa kabla mwezi haujaisha. Ukivisifu au ukiviponda, msomaji atakwenda asivikute.

Lakini mwezi hauponyi kila kitu, na hapa ndipo uamuzi wa mhakiki unapohitajika. Tenganisha makosa ya ugeni na makosa ya mpango. Kinywaji kuchelewa, oda kusahauliwa, mhudumu kutojua kilichomo kwenye mchuzi: hayo ni ya ugeni, na ukiyakuta wiki ya tano ujue si ugeni tena. Dari tupu linalorudisha kelele, meza zilizobanana hadi mgeni mmoja asimame ili mwingine apite, moshi wa jikoni unaoingia ukumbini, bei isiyolingana na kipimo: hayo ni ya mpango. Yapo siku ya kwanza na yatakuwepo mwakani.

Wapo wanaosema kwamba mgahawa ukishatoza bei kamili umekubali kuhukumiwa usiku huo huo. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mteja wa siku ya pili hapunguziwi. Njia ya haki ni kuandika habari badala ya hukumu: kilichomo kwenye menyu, saa za kazi, bei, nani anapika na alikuwa wapi kabla. Uite mtazamo wa awali, utaje tarehe uliyokwenda, usitoe nyota wala alama.

Hatua ya 2: Panga pesa kabla ya kupanga meza

Hesabu rahisi: ziara tatu, watu wanne kila ziara, sahani tatu kwa kila mtu. Hizo ni sahani 36, zinazotosha kupita sehemu kubwa ya menyu ya kawaida na kurudia chache. Mwenye gazeti nyuma yake ataomba bajeti hiyo. Asiye na gazeti apunguze eneo lake, asipunguze kanuni. Ziara mbili za watu wawili kwenye mgahawa wa bei ya wastani, zilizolipwa, zina thamani kuliko karamu tano za bure kwenye migahawa ya kifahari. Ikiwa pesa inatosha ziara moja tu, andika hivyo wazi kwenye aya ya kwanza, na usitumie neno "daima" wala "kila mara" popote.

Mialiko ikatae kwa sentensi moja ya heshima. Ukiikubali, kwa mfano kwa ajili ya habari ya ufunguzi, msomaji aambiwe juu kabisa ya maandishi kwamba ulialikwa na hukulipa. Kuliweka jambo hilo chini kwa herufi ndogo ni kulificha.

Sahani ya bure ikiletwa mezani bila kuombwa, mwambie mhudumu aiweke kwenye bili. Wakikataa, acha bakshishi inayokaribia bei yake, na usiihukumu sahani hiyo kwenye tahakiki. Hii inasumbua kuliko inavyoonekana, kwa sababu mhudumu naye ametumwa tu na meneja wake. Usimwaibishe, lipa na uondoke.

Kabla ya kwenda, jiulize kama unamfahamu mwenye mgahawa, mpishi, au mtu aliyeweka mtaji. Umewahi kumfanyia kazi ya kulipwa? Jamaa yako anawauzia chochote? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, mpe mwenzako kazi hiyo.

Hatua ya 3: Weka nafasi kwa jina lisilo lako

Mgahawa wa leo hukutambua kwa namba ya simu kabla haujaiona sura yako. Programu za kuhifadhi meza huunganisha namba na kumbukumbu za mgeni: alikuja lini, alikula nini, na maelezo ambayo mhudumu ameongeza. Namba moja ukiitumia kwa majina mawili, jina la kwanza linaibuka. Kwa hiyo:

- Fungua anwani ya barua pepe isiyo na jina lako, na uwe na laini ya simu ya kazi hii peke yake.
- Andika kwenye daftari jina lipi lilitumika wapi na siku gani. Kosa linalowaangusha wengi ni kusimama mlangoni ukiwa umesahau unaitwa nani leo.
- Waeleze wenzako mapema. Anayefika kwanza ndiye hutamka jina lako halisi kwa mhudumu wa mlangoni, bila nia mbaya.
- Kadi ya benki ina jina lako. Lipa taslimu, au mwenzako alipe kwa kadi yake nawe umrudishie. Kadi yako iache kwa ziara ya mwisho, ikibidi.
- Ondoa picha yako kwenye akaunti ya simu hiyo. Hili husahaulika kuliko yote.

Usitumie jina la mtu halisi anayeweza kuulizwa, wala usijitie cheo au ugonjwa usio nao. Jina la bandia linatosha. Hadithi ya uongo hukufunga ukiulizwa swali la pili.

Kuhusu kujibadili sura: Mimi Sheraton na Ruth Reichl, wote waliokuwa wahakiki wa New York Times, walivaa mawigi, na Reichl alikwenda mbali hadi kuwa na mavazi na tabia tofauti kwa kila mtu aliyemwigiza. Kwa wengi wetu haihitajiki. Migahawa mikubwa hubandika picha za wahakiki ukutani jikoni, lakini kinachokutoa mara nyingi ni mwenendo: meza ya watu wanne wanaobadilishana sahani kwa zamu, kuagiza vyakula vingi kuliko matumbo yenu, kupiga picha kila kitu kwa taa, kuuliza samaki ametoka wapi na amekaa barafuni siku ngapi. Badilishaneni sahani taratibu, kama ndugu wanavyoonjana.

Hatua ya 4: Ukitambuliwa, usikimbie

Siku itafika. Desemba 2010, wenye mgahawa wa Red Medicine huko Beverly Hills walimpiga picha S. Irene Virbila, mhakiki wa Los Angeles Times, wakamkatalia meza, kisha wakaisambaza picha hiyo kwenye intaneti. Jonathan Gold wa gazeti hilo hilo alitangaza mwaka 2015 kwamba ameacha kujificha, na New York Times ilipotangaza wahakiki wake wakuu wapya mwaka 2025, sura zao hazikufichwa. Hiyo haina maana kwamba siri haina kazi. Ina maana kwamba lazima ujue siri inalinda nini, na nini hakiguswi hata wakikujua.

Wakikutambua, wanaweza kukuhamishia meza nzuri, kukupa kipande kikubwa, kuchagua tunda lililoiva kuliko yote, kukagua sahani yako mara mbili kabla haijatoka, kukutumia mhudumu bora na kuharakisha oda yako mbele ya wengine. Hawawezi kubadili mchuzi uliochemshwa tangu asubuhi, nyama iliyonunuliwa jana, menyu yenyewe, kelele za ukumbi, wala ustadi ambao mpishi hana. Kwa hiyo ukitambuliwa, amini zaidi ladha ya vitu vilivyotayarishwa mapema, na punguza imani kwenye huduma, kipimo na mpangilio wa sahani.

Mfano unaofundisha hili ni tahakiki ya Ruth Reichl kuhusu mgahawa wa Le Cirque wa New York, mwaka 1993. Aliwaeleza wasomaji alivyopokewa akiwa mgeni asiyejulikana, kisha alivyopokewa alipotambuliwa. Hata matunda ya rasiberi yalikuwa makubwa zaidi kwenye sahani ya mtu anayejulikana. Aliziweka ziara zote mbili mbele ya msomaji, na mgahawa ukashuka kutoka nyota nne hadi tatu.

Dalili za kutambuliwa: meneja anapita mezani zaidi ya mara mbili, wapishi wanachungulia kwenye dirisha la jikoni, chakula chako kinatoka kabla ya meza iliyokutangulia kuagiza. Ukiziona, geuza macho kwenye meza za jirani. Andika saa waliyoagiza na saa walipoletewa. Linganisha kipimo chao na chako. Kisha mtume mwenzako asiyejulikana siku nyingine, akiwa na orodha ya sahani mbili ulizokula wewe, na umtaje kwenye tahakiki kwamba alikwenda.

Hatua ya 5: Mezani

Nendeni siku tofauti: ziara moja usiku wenye watu wengi, moja katikati ya wiki, na kama wanafungua mchana, moja mchana. Kwenye ziara moja watu wawili wasiagize kitu kimoja. Lakini chagua sahani moja utakayoiagiza katika kila ziara. Hiyo ndiyo kipimo chako cha uthabiti. Iwe sahani ambayo mgahawa wenyewe unajivunia, ili pasiwe na hoja kwamba uliwatafutia udhaifu.

Andika saa: mliyoingia, mliyokaa, ya maji, ya oda, ya sahani ya kwanza, ya pili, ya bili. Ziandike kama ujumbe wa simu, kwa kuwa mtu anayeandika ujumbe mezani hashangazwi na yeyote. Maelezo marefu yarekodi kwa sauti mkitoka, ndani ya nusu saa. Ukingoja hadi kesho utakumbuka uliyoyahisi na kusahau uliyoyaona.

Onja kabla ya kuongeza chumvi. Onja mchuzi peke yake, kisha chakula peke yake, kisha vyote pamoja. Acha tonge moja hadi mwisho, likipoa: chumvi iliyozidi, mafuta yaliyochoka na ukali wa unga ambao haukuiva hujificha kwenye joto.

Chukua samaki wa kukaanga aliyevikwa unga. Mguse upande wa chini kwa uma kabla ya kula. Ukikuta dimbwi dogo la mafuta kwenye sahani, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, au vipande vingi mno vilitumbukizwa kwa pamoja vikayapoza. Ganda likivuka kama soksi na kuacha samaki uchi, samaki alikuwa na maji alipochovywa, na mvuke umelisukuma ganda nje. Ganda likiwa kavu juu lakini laini chini, samaki alikaangwa vizuri kisha akangojea, mvuke wake ukamrudia. Kosa la kwanza na la pili ni la mpishi. La tatu ni la anayeratibu sahani zitoke pamoja, na mara nyingi utaliona kwenye meza nzima: mchuzi wenye utando juu, au mstari uliokauka ukingoni mwa sahani, huku sahani yenyewe ikiwa na joto kuliko chakula. Tahakiki inayosema "samaki alikuwa mbaya" haimsaidii msomaji wala mpishi. Inayosema samaki alilainika kwa kungojea, ziara mbili kati ya tatu, inawasaidia wote wawili.

Usirudishe chakula jikoni ili kuwapima. Lakini kuku akiwa mbichi karibu na mfupa, mrudishe kama mteja yeyote angefanya, sema kosa kwa sauti ya kawaida, kisha tazama wanavyolishughulikia. Namna mgahawa unavyosahihisha kosa ni sehemu halali ya tahakiki.

Bakshishi iwe ya kawaida. Nyingi mno inakutoa. Ndogo mno inamwadhibu mhudumu kwa kazi yako wewe.

Hatua ya 6: Thibitisha, kisha andika

Baada ya ziara ya mwisho, na si kabla, piga simu, jitambulishe, uulize yale usiyoweza kuyajua kwa ulimi: kilichomo kwenye mchuzi, nyama ilipikwa kwa saa ngapi, tahajia ya jina la mpishi, bei za sasa, saa za kazi. Usiwasomee tahakiki wala usiwaambie alama. Mpigapicha aende baada ya simu hiyo. Akitangulia, siri imekwisha.

Hapa ndipo penye hatari ya mahakama, na inafaa kuijua kesi kwa kesi. Mgahawa wa Mr Chow wa New York ulishitaki Gault Millau, mwongozo wa migahawa, kwa sababu ya tahakiki yake. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa iliona kwamba maneno makali kuhusu ladha na huduma yalikuwa maoni. Sentensi moja tu ilihesabiwa kuwa madai ya ukweli: kwamba bata wa Peking, bata wa kuokwa wa Kichina, aliletwa kwa sahani moja badala ya tatu za kawaida. Mwandishi alishinda, lakini tazama palipobana: si kwenye tusi, ni kwenye hesabu ya sahani. Huko Belfast, baraza la mahakama liliupa mgahawa mmoja fidia ya pauni 25,000 dhidi ya gazeti la Irish News kwa tahakiki yake, mwaka 2007, na rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2008. Australia, tahakiki ya mwaka 2003 kuhusu mgahawa wa Coco Roco wa Sydney ilifika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 2007, gazeti lililoichapisha likashindwa, na kesi ikaendelea kwa miaka mingine juu ya fidia.

Kwa hiyo, kila sentensi iulize: haya ni maoni yangu, au ni jambo linaloweza kuthibitishwa? Maoni yaegemeze kwenye ulichokula. Jambo la ukweli liwe na risiti, picha au simu nyuma yake. Usiandike kwamba mboga zimetoka kwenye kopo kwa sababu zilikuwa na ladha hiyo. Andika kwamba zilikuwa laini na tamu kama za kopo. Usiandike kwamba chakula kilikudhuru. Ugonjwa wa tumbo unaweza kuanza saa chache baada ya kula au baada ya siku kadhaa, na mlo wa mwisho ndio hulaumiwa hata usipohusika. Ukiugua, pa kupeleka taarifa ni kwa maofisa wa afya.

Mhudumu aliyekosea asitajwe jina wala sura. Mwenye uamuzi ni mwenye mgahawa. Yeye na mpishi mkuu ndio wanaobeba lawama.

Uzito wa kalamu ulingane na ukubwa wa mgahawa. Mgahawa mpya wa familia wenye meza sita, usiojulikana na yeyote, ukiwa mbaya, mara nyingi haufai kuandikwa: hakuna msomaji aliyekuwa akielekea huko, na maneno yako yanaweza kuufunga. Mgahawa wenye matangazo makubwa na bei za juu ni jambo jingine. Watu wanaweka akiba kwenda pale, na wana haki ya kuonywa. Kabla ya kupeleka kazi kwa mhariri, soma tena sentensi zilizokufurahisha ulipoziandika, hasa za kejeli. Ile ambayo isingeandikwa kama sahani ingekuwa bora kidogo tu ni mchezo wa maneno, ifute.

Hatua ya 7: Baada ya kuchapisha

Taja kwenye tahakiki idadi ya ziara, miezi uliyokwenda, nani alilipa na kama ulitambuliwa. Mistari miwili inatosha.

Mwenye mgahawa akilalamika juu ya ukweli, angalia daftari siku hiyo hiyo. Kama umekosea, sahihisha mahali pale pale kosa lilipokuwa, ukieleza kilichobadilishwa. Akilalamika juu ya maoni, mshukuru na uache. Akiomba uifute tahakiki, jibu ni hapana. Akisema mpishi amebadilika, weka tarehe ya kurudi. Mgahawa uliohakikiwa ukiwa mpya unastahili kutazamwa tena baada ya mwaka mmoja hivi, au mapema zaidi ukibadili mpishi mkuu.

Risiti, picha za menyu, orodha ya saa na sauti ulizorekodi zitunze kwa angalau miaka mitatu, kila mgahawa kwenye bahasha yake, jina la bandia ulilotumia likiwa limeandikwa juu.